Bibi wa Pembeni

Mwalimu alikuwa amechoka kiasi kwamba hata kukasirika kulimshinda. Ndiyo maana fundi sauti alipompigia simu kumwambia kwamba maktaba moja ya mtandaoni imekubali kuzipokea rekodi zake zote, ila sharti zisafishwe kwanza, yeye alijibu, "Fanya unavyoona inafaa," akarudi kusahihisha madaftari. Mtu aliyelala vizuri angeuliza: kusafisha nini hasa? Yeye hakuuliza. Kulia kwake palikuwa na rundo la madaftari, kushoto rundo jingine, na katikati kikombe cha chai kilichokwisha kupoa bila kuguswa.

Tangu asubuhi mpaka alasiri alifundisha jiografia katika shule ya sekondari. Akitoka huko alikuwa akirudi nyumbani, anavua viatu, anaingia chumba cha nyuma, anawasha kinasa sauti na kusoma kitabu cha jiografia kwa ajili ya watu wasioona. Hakuna aliyemtuma. Mzigo huo alijitwika mwenyewe siku shule ilipompokea binti mmoja asiyeona, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika mpaka ofisi ya walimu, ikabainika kwamba shule nzima haina kitabu hata kimoja cha nukta nundu. Mwalimu akamrekodia sura moja, akaiweka mtandaoni ili binti aipate akiwa nyumbani. Binti akawapa wenzake, wenzake wakawapa wenzao, na haukupita muda watu ambao Mwalimu hakuwajua kwa sura wala kwa jina wakawa wanamwandikia: Shikamoo Mwalimu, sura inayofuata lini?

Mwanzoni ujumbe wa namna hiyo ulimtia nguvu. Baadaye kila simu ilipolia alihisi mabega yakimshuka. Hakuna anayedai kwa bidii, alijiambia, kama mtu anayepewa bure. Halafu akajilaumu kwa kuwaza hivyo, na kujilaumu nako kukamchosha.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha bure vilevile. Walimu wa chuo fulani walikiandika kwa pamoja, wakakiweka mtandaoni, na katika ukurasa wa kwanza wakatangaza kwamba yeyote ameruhusiwa kukinakili, kukisambaza na kukisoma kwa sauti, mradi tu awataje waandishi na asimzuie mwingine kufanya vivyo hivyo. Mwalimu aliyasoma maneno hayo mwanzoni mwa kila rekodi. Siku mama mkwe wake alipoyasikia kwa mara ya kwanza, alicheka mpaka akapaliwa.

"Bure? Watu wazima na akili zao wamekaa chini, wakaandika kitabu kizima, halafu bure?"

"Ndiyo, mama. Ili kila mtu akipate."

"Basi kina kasoro. Mimi nimeshona maisha yangu yote. Shati la bure nililowahi kumpa mtu ni lile lenye mkono mmoja mfupi."

Mama mkwe alikuwa fundi cherehani tangu usichana wake mpaka mtoto wa jicho alipomfungia kazi. Alipohamia kwa mwanawe alikuja na cherehani yake ya miguu, japo uzi kwenye sindano alikuwa hawezi tena kuutunga, akapewa chumba cha nyuma kwa sababu ndicho chenye utulivu. Tatizo ni kwamba ndicho pekee kilichokuwa na utulivu. Vyumba vingine vyote viliitazama barabara, na barabara ile haikujua kunyamaza. Kwa hiyo Mwalimu akaenda kuomba ruhusa ya kurekodia humo, akasimama mlangoni kwa adabu zote za mke wa mtu mbele ya mama wa mume.

"Karibu," mama mkwe alisema. "Ila chumba ni changu, na mdomo ninao."

Wakaegemeza godoro la akiba dirishani, wakaweka kinasa sauti juu ya meza ya cherehani, wakapatana kwamba kikiwashwa, mama atanyamaza. Alijitahidi, masikini. Siku ya kwanza alinyamaza mpaka ukurasa wa pili.

"'Kama inavyoonekana katika mchoro wa kwanza,'" Mwalimu alisoma, "'mistari ya kontua husogeleana—'"

"Inavyoonekana kwa nani?"

Mwalimu alikatiza kusoma. "Mama, tulisemaje?"

"Nauliza tu. Mimi huo mchoro siuoni. Na hao unaowasomea, wao wanauona?"

Mwalimu akautazama mchoro. Jambo hilo hakuwa amelifikiria hata kidogo, yeye na shahada yake na miaka yake yote mbele ya ubao. Akaona haya, kisha akachukia kwa kuona haya ndani ya nyumba yake mwenyewe. Lakini akaueleza mchoro. Akamwambia mama achukue kilima, akifunge uzi chini kabisa, apande kidogo akifunge uzi mwingine, apande tena, mpaka kileleni.

"Kama kumpima mtu nyonga, kiuno, kifua," mama mkwe akasema.

"Haya, kama hivyo. Sasa kilima kitoweke, nyuzi zibaki zimelala mezani, moja ndani ya nyingine. Pale palipokuwa na mteremko mkali nyuzi zimebanana. Palipokuwa na mteremko wa pole zimeachana."

"Hapo nimekupata. Mbona mwandishi hakusema hivyo? Si nilikwambia kina kasoro? Endelea."

Zile siku za mwanzo Mwalimu alikuwa akiyakata maneno hayo yote kwenye kompyuta kabla ya kuziweka rekodi mtandaoni: maswali, kikohozi cha mama, na mlio wa kanyagio la cherehani, kwa maana mguu wa mama mkwe ulikuwa umezoea kazi na ulikanyaga wenyewe kila alipokaa. Lakini kukata kulichukua muda mrefu kuliko kusoma. Siku moja alirudi kazini hoi, akasoma, akabishana na mama kuhusu mvua za milimani, akaitazama kompyuta, akaona hana nguvu. Akaiweka rekodi jinsi ilivyo, na kikohozi chake. Kesho yake binti mwenye kicheko alimfuata ofisini.

"Mwalimu, huyo bibi ni nani? Huyo anayeuliza pembeni?"

"Ni mama mkwe wangu. Samahani, nitamtoa."

"Usimtoe! Ndiye anayeuliza ninachotaka kuuliza."

Tangu siku hiyo mama mkwe akawa na jina mjini na nje ya mji: Bibi wa Pembeni. Tusimvike kilemba cha hekima lakini, maana alikuwa na yake. Maswali mengine hayakuwa na kichwa wala miguu. Aliwahi kubisha karibu rekodi nzima kwamba dunia haiwezi kuwa inazunguka, kwa sababu cherehani yake ipo palepale alipoiacha, na Mwalimu, ambaye wanafunzi wake hawakuwahi kumsikia akipandisha sauti, alisikika akisema, "Mama, naomba tu tukubali inazunguka, nina madaftari ya kusahihisha!" Rekodi hiyo ndiyo iliyopendwa kuliko zote.

Mapenzi ya kukumbatiana hayakuwapo kati yao. Mama mkwe alimwita "Mwalimu," kwa sauti yenye kejeli kidogo pembeni, na neno "mwanangu" alimtunzia mwanawe. Ni mara moja tu lilimtoka kwa mke wa mwanawe, na hiyo tutaifikia.

Muhula uliopita mama mkwe alilala mchana baada ya kula, hakuamka. Zilikuwa zimebaki sura mbili kitabu kimalizike. Baada ya maziko Mwalimu aliingia chumba cha nyuma mara moja na kinasa sauti mkononi, akaitazama cherehani, akatoka, akarudisha mlango. Wasikilizaji hakuwaambia. Kila alipotaka kuandika aliona maneno ni mengi na mkono ni mzito. Nao waliendelea kuuliza: sura inayofuata lini, Mwalimu, mtihani umekaribia.

Katika hali hiyo ndipo fundi sauti alipojitokeza. Alikuwa mtu mwema wa kujitolea, na alikuwa na masikio ya ajabu. Ukipiga chafya kwenye simu angeweza kukwambia umesimama mbali gani na ukuta. Maktaba yake ilikusanya masomo ya bure na kuyaweka mahali pamoja ili kila mtu ayapate bila kutangatanga. Kwa nywila aliyopewa na Mwalimu alizichukua rekodi kwenye ukurasa wake, akazifanyia kazi wiki nzima, kisha akazirudisha palepale zilipokuwa, na nakala za hizo hizo akaziweka maktaba. Akatuma ujumbe: "Mwalimu, zimetakata. Utazipenda."

Mwalimu aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama jikoni. Kompyuta yake ilikuwa imemlalamikia siku nyingi kwamba imejaa. Kwa kuwa sasa kila kitu kiko salama maktaba, alifungua lile faili kubwa la rekodi, akalifuta lote, akamwaga na pipa la taka la kompyuta kabisa ili apate nafasi ya sura mbili za mwisho, kama siku moja moyo utakubali. Alipomaliza alisikia hata nafuu, nafuu ya mtu aliyefagia uwanja.

Siku mbili tatu baadaye mumewe alirudi mapema. Mume huyu alikuwa fundi wa majokofu, mtu wa maneno machache, ambaye tangu azikwe mama yake maneno hayo machache nayo yalikuwa yamepungua. Jua lilikuwa bado juu. Alisimama mlangoni na ovaroli yake, bisibisi imo mfukoni, simu imo mkononi.

"Mama watoto, mama yuko wapi?"

Mwalimu alimtazama. Akadhani msiba umemzidi mwenzake. "Mama yupi?"

"Mama yangu. Humu ndani." Akainyanyua simu. "Nimefungua ile ya mvua, hayupo. Nimefungua ya kilima, hayupo. Nimefungua ya dunia kuzunguka. Ile imekuwa fupi hivi. Uko peke yako."

"Wewe unasikiliza rekodi zangu?"

"Kila siku, karakana."

"Jiografia?"

"Jiografia ya nini? Namsikiliza mama."

Mwalimu akaichukua simu na kuiweka sikioni. Akajisikia akisoma kwa sauti safi, kavu, kama mtu aliyekaa mahali pasipo na watu. Kikohozi hakuna, kanyagio hakuna. Maswali yote yamekatwa, na kwa kuwa majibu yake hayakuwamo kitabuni, fundi aliyakata nayo. "Kama inavyoonekana katika mchoro wa kwanza," sauti yake ilisema, kikafuata kimya kifupi, kisha sentensi nyingine. Hapo ndipo alipoelewa ni nini hasa kilichosafishwa, na ni nini yeye mwenyewe alichokimwaga kwenye pipa la taka.

Alimweleza mumewe yote. Alieleza akiwa amesimama, haraka haraka, huku akisikia jinsi kila neno linavyomtia hatiani.

"Kwa hiyo umemfuta," mume alisema.

Hakupandisha sauti. Alikwenda uani, akakaa juu ya jokofu bovu alilokuwa amelileta kutengeneza, akaipa nyumba mgongo. Hawakuwa na kitu kingine chenye sauti ya mama. Mama yule alikataa katakata kuongea mbele ya simu ya kamera, akisema anatishwa na kitu kinachomtazama asichokiona. Mwalimu angeona afadhali mumewe amfokee.

Akampigia fundi sauti.

"Nilisafisha humo humo, Mwalimu," fundi alisema, na sauti yake ilikuwa imeanza kuingiwa na hofu. "Zile za awali si unazo wewe?"

"Nilidhani unazo wewe."

Wakakaa kimya kila mtu upande wake wa simu. Ule ulikuwa ukimya safi kabisa, na hata fundi hakuupenda.

Kesho yake malalamiko yakaanza kuingia. Mwalimu aliyaacha yalundikane, kwa kuwa kichwa kilikuwa kinamgonga na alikuwa na zamu ya shule. Ila ujumbe wa sauti wa binti aliusikiliza, akiwa amesimama kwenye ujia wa madarasa wanafunzi wakipita huku na huku.

"Shikamoo Mwalimu. Mbona siku hizi unasema kama inavyoonekana kwenye mchoro halafu unanyamaza? Inavyoonekana kwa nani?" Kicheko kikafuata, kisha sauti ikashuka. "Au Bibi amekasirika? Mwambie tumemkumbuka."

Mwalimu aliingia chumba cha ramani, akajifungia, akalia. Alilia kwa ajili ya mama mkwe, ambaye siku ya maziko alikosa hata nafasi ya kumlilia kwa sababu ya kupokea wageni na kupika, na alilia kwa uchovu pia, maana machozi yakishapata njia hayachagui. Alipotulia aliinua simu, akabonyeza kitufe, akasema, kwa sauti ambayo fundi angeikataa mara moja:

"Wanangu, Bibi wa Pembeni amefariki. Sikuwaambia, nisameheni. Na rekodi zenye sauti yake nimezifuta mimi mwenyewe, bila kukusudia. Mwenye nakala ya zamani, yoyote, hata kipande, naomba aniletee. Mwanawe anazitaka."

Akautuma kwa wote. Hakutegemea kitu. Watu wa kupewa, alifikiri, wana simu ndogo zisizo na nafasi, wakishasikiliza wanafuta.

Kumbe hakuwajua. Hawa walikuwa watu ambao mtandao unawafikia kwa kubahatisha, na kila walichokipata walikishika kwa mikono miwili. Jioni ileile ikaingia sura ya mvua za milimani, kutoka kwa mtu aliyeihifadhi kwenye kadi ya simu. Ikaingia ya ramani na skeli, kutoka kwa mwalimu wa shule ya wasioona aliyekuwa akiipiga kwenye redio ya darasa. Zikaja mbili kutoka kwa mama mmoja ambaye mtoto wake asiyeona hakubali kulala bila kusikia bibi akigombana na mwalimu. Nyingine zilikuwa zimerekodiwa upya simu kwa simu, ndani yake mna milango inayogongwa na watu wanaocheka. Baadhi walinong'ona mwanzoni kwa aibu: Mwalimu, nilinakili, lakini wewe mwenyewe unasemaga ruhusa.

Binti naye alileta yake. Yeye alikuwa ameyakata maswali yote ya Bibi pamoja na majibu yake, akayapanga mfululizo, akayaita "Maswali ya Bibi," na wanafunzi wa shule tatu walikuwa wakidurusia hayo kabla ya mtihani. Mwalimu aliyaweka mezani wakati wa kula. Mume alisikiliza kijiko kikiwa kimesimama hewani. Walipofika penye dunia kuzunguka na cherehani kutosogea, alicheka, akaweka kijiko chini, akaficha uso ndani ya kitambaa cha meza, akakaa hivyo muda. Mwalimu hakumgusa. Alimwongezea mchuzi.

"Kumbe kitabu cha bure nacho kina faida yake," mume alisema baadaye, macho mekundu. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake, na Mwalimu aliipokea.

Fundi sauti naye alitubu. Zile nakala alizipokea moja moja, akaziweka maktaba na makorokoro yake yote, akasema ataiondoa kelele ya milango tu, na hata hiyo ataomba ruhusa kwanza. Kila kitu, basi, kilikuwa kinarudi mahali pake. Isipokuwa sura ya mito.

Kuhusu sura ya mito, Mwalimu hakumwambia mtu. Alikuwa ameisoma siku ya taabu, baada ya kikao kirefu cha shule, sauti ikimkauka, na alipofika penye mto uliozeeka, ule ambao umefika bondeni, unakwenda polepole na kutua mzigo wake njiani, sauti ilimkatika kabisa. Hapo mama mkwe akamwambia maneno. Mwalimu aliyaacha rekodini kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukata. Uvivu wake ndio uliokuwa umeyahifadhi, na bidii yake ya kufagia ndiyo iliyoyafuta. Katika maneno hayo mlikuwa na lile neno moja ambalo hakupata kulisikia tena.

Binti alikuwa na vipande vya sura hiyo, ila mwisho hapana. "Pale mwisho hapakuwa na swali, Mwalimu," alisema. "Nilikata."

Mume alikuwa ameshampata mama yake, akawa anakwenda karakana na waya masikioni. Mwalimu aliona haya kusema kwamba yeye naye anadai chake. Angeanzaje? Mama si wake. Alimtunza, akamwogesha, akabishana naye, akamzika, na bado alijiona kama mtu anayedai asichostahili. Maneno aliyakumbuka. Sauti ndiyo iliyokuwa ikimtoka kidogo kidogo, na kila siku ilibaki hafifu kuliko jana.

Wasikilizaji nao hawakuacha: sura mbili za mwisho lini, Mwalimu? Alasiri moja aliona heri amalize, ashinde au ashindwe. Alivua viatu vya shule, akavaa kandambili, akaingia chumba cha nyuma na mkoba wenye madaftari. Akafuta vumbi mezani pa cherehani, akaweka kinasa sauti na kukiwasha. Akakitazama kitanda kilichotandikwa. Kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi, simu ikalia, namba ngeni.

"Shikamoo Mwalimu," ilisema sauti ya mwanamume mzima, tulivu, inayotamka kila neno sawasawa. "Mimi ni mpokea simu hospitalini. Sioni tangu utotoni. Nasomea kufanya mtihani niliouacha zamani. Nimechelewa kupata habari, mimi hizo jumbe hunifungulia mpwa wangu akija kunitembelea. Ninayo sura ya mito."

Mwalimu alishika ukingo wa meza. "Nzima?"

"Nzima. Nilinakili siku ileile uliyoiweka. Si unasema mwenyewe mwanzoni kwamba tumeruhusiwa?" Akacheka kidogo. "Nikwambie kweli, mito yenyewe nimeshaielewa. Ila pale kwetu mapokezi simu hazikatiki, kila anayepiga ana mgonjwa, kila mmoja anataka ajibiwe kwanza. Nikitoka zamu nimechoka, naweka pale mwisho tu. Nasikiliza, ndio naenda nyumbani."

Mwalimu akaisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Ameshaituma mpwa wangu. Nina ombi moja, Mwalimu. Usiisafishe."

Aliposhusha simu sura ilikuwa imeingia. Alitoka mpaka mlango wa uani, akamwita mumewe, ambaye alikuja akijifuta grisi, akasimama kizingitini, hakujua anaitiwa nini. Mwalimu akakaa kwenye kitanda cha mama mkwe, akaisogeza rekodi mpaka karibu na mwisho, akaiacha iseme.

Kwanza walisikia sauti yake mwenyewe, imekauka, inakwaruza. "'Mto unapofika hatua ya uzee, hupungua kasi, na mzigo wake...' Samahani. 'Na mzigo wake...'" Kikohozi, cha kwake. Ukurasa ukafunuliwa bila sababu. Kanyagio likalia mara moja, likaacha.

"Kwani mto nao huzeeka?" akauliza Bibi wa Pembeni.

"Unazeeka, mama. Ngoja nimalize, zimebaki aya mbili."

"Funga hicho kitabu. Pumzika, mwanangu. Umechoka. Huo mto hautakwenda popote."

Ikasikika sauti ya Mwalimu ikicheka, kicheko cha mtu aliyeishiwa. "Mama, mto si unakwenda? Ndiyo kazi yake."

"Nao upumzike."

Rekodi ikafika mwisho. Mume alimwangalia mkewe kana kwamba ndiyo kwanza anamwona tangu msiba uingie. Mwalimu hakuwa akilia. Alijilaza ubavu juu ya kile kitanda, na nguo zake za kazini, kandambili moja mguuni, nyingine sakafuni, akafumba macho.

"Nina madaftari," alisema.

"Yapo," mume akajibu.

Akamvua ile kandambili iliyobaki, akazima kinasa sauti kilichokuwa hakijaanza kazi, akatoka na kurudisha mlango polepole. Sura mbili zilikuwa bado. Aliporudi kuchungulia, Mwalimu alikuwa ameshalala usingizi mzito, na jua la alasiri lilikuwa limeshapita ukingoni mwa godoro la dirishani likafika kwenye cherehani.